Difu Lililofunguliwa Siku ya Mvua

Kilima cha Mfinyanzini hakikupewa jina hilo kwa mzaha. Tangu zama za mabibi waliofinyanga vyungu na kuvichoma kwa makumbi, udongo wake ulichimbwa kando ya njia, na njia yenyewe ni udongo huo huo: kiangazi mgumu kama kigae, masika laini kama unga uliozidi maji. Atokaye Konde kwenda kijiji cha Kilindo hana pa kupita ila hapo. Kuliani mwake husimama ukuta wa udongo, kushotoni limelala bonde la mpunga, na katikati ya mpando ipo kona iliyojikunja kama ndoana.

Mzee Thuwein aliipita kona hiyo kwa gari lake la abiria tangu ndevu zake nyeusi hata zikawa nyeupe. Lilikuwa lori la zamani, lenye mabenchi ya mbao na paa la turubai, likichukua watu na mikungu ya ndizi, magunia ya karafuu, na mara mojamoja bibi harusi. Kila abiria aliijua tabia yake. Masika yakishika, lilipofika konani gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure ndani ya tope, na mwenzake likalala kimya kama halihusiki. Hapo Mzee Thuwein hakugombana na mtu wala na gari. Alishuka akakunja mikono ya shati, akaingia chini na spana, akakaza breki ya lile gurudumu lenye kuzunguka bure. Kisha akapanda, akatia gia ya kwanza, na lile lililolala likaamka. Afikapo juu hushuka tena akailegeza breki, maana breki iliyoachwa imekazwa hujila yenyewe.

Wenye haraka waliguna. Waliouliza kwa nini asitafute dawa ya kudumu aliwajibu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe siku za ujana wake, alipokuwa akihudhuria darsa msikitini asubuhi na kushika usukani jioni:

*Wa ndani hwenda kidogo, wa nje hwenda mbali sana,*
*Usiwatie kigogo, wape kusameheana.*

Maana yake ni hii. Ndani ya difu, lile bakuli la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, zimo gia ndogo zinazoyapa magurudumu mawili ruhusa ya kwenda mwendo mbalimbali. Katika kona, gurudumu la ndani lina safari fupi na la nje lina safari ndefu. Lau si gia zile, moja lingemburura mwenziwe. Mzee Thuwein aliiita ruhusa hiyo rehema. Matope, alisema, ndiyo kodi yake, kwani penye utelezi nguvu zote humwendea anayezunguka bure.

Kifua kilipoanza kumsumbua, usukani ulipita kwa mwanawe Talib. Talib alikuwa kijana wa sala, mwenye adabu, ila subira ya baba hakuirithi. Siku ya kwanza kukwama akiwa peke yake na abiria, alilala chini ya gari na spana kama alivyofundishwa, na huku nyuma akamsikia Bi Mize, mama mwenye kupeleka ndizi soko la Konde, akisema kwa sauti ya kutaka kusikiwa, "Gari hino mguu mmoja wacheza ngoma, wa pili umelala. Babaako tukimngojea kwa heshima ya mvi zake. Weye Talib, mvi zako zi wapi?"

Watu wakacheka. Talib naye alicheka, lakini neno lilimwingia.

Alikwenda kwa fundi Bakar pale Konde akamweleza haja yake. Bakar alimfafanulia kwamba njia za rahisi ni chache. Moja ni hiyo ya mzee, ya kukaza breki. Ya pili ni kuchomeka kipande cha chuma baina ya gia ndogo zisiweze kugeuka. Lakini kipande kikichomoka, kitasaga kila kilichomo. Ya tatu ni kufungua difu na kuzichomelea gia zile kwa moto wa umeme, zigandamane, magurudumu mawili yawe kama gurudumu moja. Matope hayatamsumbua tena, alisema Bakar, ila kona itamnunia.

Talib alichagua moto. Gari lilikuwa la baba yake, na idhini hakuiomba. Aliiambia nafsi yake kwamba atamweleza masika yatakapokuwa yamemtolea ushahidi.

Na masika yalimtolea. Malori mengine yaliposimama chini ya Mfinyanzini yakisubiri jua, la Talib lilipanda likinguruma, magurudumu yote mawili yakiuma udongo. Lilifikisha wagonjwa, likafikisha wajawazito, likafikisha karafuu za watu kabla hazijaota ukungu. Bi Mize alimletea mkungu wa ndizi akasema kwamba kumbe mvi si kitu. Sifa hizo zilimfikia Mzee Thuwein barazani kwake, naye akazipokea kwa shaka. Maana alilijua gari lake, na alijua lisiloliweza.

Ikawa siku moja yeye mwenyewe amepanda, anakwenda Chake Chake kumwona daktari wa kifua. Walipokuwa wakishuka Mfinyanzini, Talib aliukata usukani kwenye kona, na magurudumu ya mbele yakageuka kama yalivyoamrishwa. Ya nyuma hayakugeuka. Yakalisukuma gari mbele kama fahali asiyejua kamba, moja kwa moja kuelekea bondeni. Wanawake waliita jina la Mola wao. Gari lilisimama tairi la mbele likiwa juu ya ukingo wa majani, na chini yake mpunga wa watu umetulia kama haukuona kitu.

Hakuna aliyeumia. Mzee Thuwein alishuka, akawasaidia wengine kushuka, kisha akaamuru nyuma yote ya gari inyanyuliwe kwa jeki. Alilishika gurudumu moja akalizungusha kwa mkono. La pili, ambalo kwa desturi hurudi kinyume, lilifuata upande ule ule. Hakuhitaji kuambiwa.

"Baba," alisema Talib, "bila ya hivi wagonjwa hawafiki hospitali."

"Na kwa hivi, leo wangefika kaburini." Mzee alifuta mkono wake kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Wallahi, sipandi gari hili maadamu difu lake limefungwa."

Aliyasema hayo mbele ya abiria wote, kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu, akipumzika kila baada ya hatua chache. Talib alimfuata kwa mbali hata akamwona ameingia mlangoni. Na yeye hakuingia.

Tangu hapo Talib alihamia chumba cha kupanga Konde. Matumizi ya nyumbani aliyapitisha kwa dada yake Wafa. Kila Ijumaa alikuja kusali Kilindo, akakaa safu ya nyuma akiutazama mgongo wa baba yake, na baada ya sala akamtolea salamu. Mzee Thuwein aliijibu kikamilifu, kwa kuwa kuijibu salamu ni wajibu, na hakuongeza neno. Kijana alitamani kumwangukia miguuni amwombe radhi. Lakini aombaye radhi huku kosa amelishikilia huomba nini? Na kulifungua difu hakuweza, kwani kijiji kizima kilikuwa kikilitegemea. Hivyo alikuwa katikati, kila upande akiwa na haki, na hakupata raha upande wowote. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba mzee ataondoka duniani bila ya kumtamkia neno la radhi.

Asubuhi moja, masika yakiwa yamepumzika na jua limewaka siku kadhaa mfululizo, Wafa alimpigia simu. Alimweleza kwamba Baba hakulala kwa kifua, na daktari wa kituo cha afya ameagiza apelekwe Chake Chake siku hiyo hiyo. Jirani mmoja alikuwa amejitolea pikipiki, na mzee amekataa.

"Kasema uje na gari," alisema Wafa.

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mdomo wake. Kasema uje tu, mengine mtazungumza."

Talib aliketi kwenye ngazi ya gari na simu mkononi. Furaha ilimjia kwanza, na nyuma yake ikaja hofu. Baba yake amemwita. Lakini gari aliloliita liko chini ya kiapo, na kiapo kimetajwa kwa jina la Mwenyezi Mungu mbele ya watu. Je, amfanye mzee wa watu, kitandani kwake, mwenye kuvunja kiapo? Amlazimishe achague baina ya pumzi yake na neno lake? Alitazama juu akaona mbingu safi. Mfinyanzini patakuwa pamekauka. Akaliwasha gari, na badala ya kushika njia ya Kilindo, akalipeleka kwa fundi Bakar.

Bakar alimsikiliza akatikisa kichwa. Kilichounganishwa kwa moto hakitenguki, alisema. Gia zile zilikuwa zimekwisha kuwa pande moja la chuma. Lakini nyuma ya kibanda chake lilikuwapo gari bovu la namna ile ile, ambalo difu lake halijaguswa. Zingeweza kutolewa gia za humo zikatiwa humu. Ila si kazi ya kupepesa jicho.

"Mpeleke kwanza," alisema Bakar. "Kesho tutalifungua. Mgonjwa haulizi difu."

"Huyu anauliza."

Bakar hakubishana tena. Walifanya kazi pamoja, mmoja chini ya gari zima na mmoja chini ya gari bovu, mafuta mazito ya difu yakiwachuruzikia hata viwikoni. Katikati ya kazi Wafa alipiga tena kuuliza, na Talib alimjibu kwamba atakuwa njiani karibuni. Hakumwambia anafanya nini. Aliona jambo kama lile halipelekwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Alitaka baba yake ainyanyue nyuma ya gari kwa jeki kama siku ile, alizungushe gurudumu kwa mkono wake, na aone la pili likirudi kinyume. Baada ya hapo ndipo yeye angefungua kinywa.

Walikaza boliti ya mwisho adhuhuri imekwisha kusaliwa. Talib alisali mbio pembeni ya kibanda, akaondoka. Wingu lilikuwa limeshatoka upande wa magharibi, zito, la rangi ya risasi, na Bakar alilitazama wingu kisha akamtazama mwenziwe.

Mvua ilimkuta chini ya kilima. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Kabla hajafika konani, udongo ulikuwa umeshageuka, na pale pale palipojikunja, gurudumu la kushoto likaanza ngoma yake ya zamani. Talib alikanyaga mafuta kwa ghadhabu, na gurudumu likajichimbia. Akakanyaga tena, likazama zaidi. La kulia lilikuwa limelala kimya. Hakuwapo abiria wa kusukuma, wala wa kuguna. Ilikuwapo mvua, na bonde la mpunga limejaa maji.

Aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Kisha, kama mtu aliyeitwa, akalifungua sanduku la vifaa akachukua spana. Alilala katika tope, maji yakimpita shingoni, akaitafuta kwa vidole boliti ya breki ambayo hakuigusa tangu alipojiona amepata njia bora. Akaikaza kidogo, akapanda akajaribu, bado. Akashuka akaikaza tena. Aliona mkono wa baba yake ukifanya hivyo hivyo, bila ya pupa, na alijisikia midomo ikitamka, *wa ndani hwenda kidogo, wa nje hwenda mbali sana*. Mara ya tatu alipotia gia, gurudumu la kushoto lilishikwa, likasita, na la kulia likaamka. Gari likasogea. Likatoka shimoni kwa unyonge, likaikunja kona kwa utiifu ambao Talib alikuwa ameusahau, likapanda.

Juu ya kilima alisimama. Mgonjwa anangoja, na kila pumzi ina thamani; lakini alijua kwamba breki isipolegezwa gurudumu lingeungua kabla ya Kilindo. Akashuka akailegeza. Alipokuwa akipanda tena alisikia adhana ya alasiri ikija katika mvua iliyoanza kupungua, na moyo wake ulikuwa umejaa. Alikuwa amelipata gari la baba yake kama lilivyokuwa.

Nyumbani kwao aliona kwanza masufuria makubwa. Yalikuwa uani, yamelazwa ubavu, na wanawake wawili wakiyasugua kwa majivu. Harufu ya wali wa samli ilikuwa bado hewani. Alidhani baba yake amepata nafuu na imesomwa dua. Kisha akaziona ndara za mzee mlangoni, zimepangwa pamoja, ncha zake zikielekea njiani, na pembeni yake mfuko wa plastiki wenye nguo za kwenda nazo hospitali. Watu waliokuwa barazani walisimama wote kwa pamoja. Hapo akajua.

Maalim Usama, imamu wa kijiji, ndiye aliyemshika bega na kumwambia maneno anayoambiwa kila mwenye kufikwa: sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Mzee alikuwa ameketi barazani, alisema, amevaa tayari, na roho ilitoka kabla kidogo ya adhana ya alasiri, bila ya taabu.

Mama yake, Bi Asya, alikuwa ndani, chini, kando ya kitanda. Hakupiga ukelele. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hata miguuni, tope lote lile, akamwuliza kwa sauti ya chini, pasipo lawama, "Mbona umechelewa, mwanangu?"

"Nilikuwa nikilifungua, Mama. Nilikuwa nikilifungua difu, apate kupanda."

Bi Asya alifumba macho. Kisha akasema akiuelekea uso uliofunikwa, kana kwamba wao wawili walikuwa na shauri lao.

"Kalisha masikini kumi tangu asubuhi. Ule mchele uliotuletea kwa mkono wa Wafa, kautoa wote. Kafara ya kiapo chake." Aliikunjua ncha ya kanga akaikunja tena. "Kanambia, 'Kijana ana haki yake kwa matope, na mimi n'na haki yangu kwa kona. Nitalipanda gari lilivyo.' Nikamwambia, basi mwambie kwa simu, asije akahangaika. Kasema, 'Hili halisemwi kwa simu. Nataka anione nikipanda.'"

Talib alikaa chini.

Alisimuliwa mengine kidogo kidogo. Kwamba mzee alikula pamoja na wale masikini tonge mbili tatu, akacheka nao. Kwamba aliomba apelekwe barazani mapema asije akamchelewesha dereva. Kwamba mvua ilipoanza, vijana walitaka kumbeba kwa kitanda mpaka barabara kuu, naye akasema wangoje, kwani gari la mwanawe, kwa matope haya, ndilo pekee litakalofika. Na kwamba kila ngurumo iliponguruma upande wa Mfinyanzini, aliinua mkono kunyamazisha watu, akadhani ni injini.

"Na radhi, Mama?" aliuliza Talib mwishowe. "Hakuacha neno?"

"Hakuacha kwangu. Alikuwekea akwambie mwenyewe."

Mazishi yalipangwa kuwa kabla ya magharibi. Kwa kuwa mwana ndiye mwenye haki ya kumwosha baba yake, Maalim Usama alimwita Talib aingie pamoja naye mahali palipozungushiwa mashuka. Lakini Talib alikuwa bado uani, amechuchumaa mbele ya ndoo. Alikuwa ameisugua mikono yake kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa ndimu na majivu, akaisugua kwa sabuni na mchanga hata ngozi ikawa nyekundu; na bado katika mikunjo ya vidole na pembezoni mwa kucha ulibaki wino wa difu, mweusi, wenye harufu yake. Maalim alitoka mara ya kwanza akarudi. Alipotoka mara ya pili Talib alimnyooshea mikono kama mtoto anayekaguliwa chuoni.

"Maalim, haikutakata."

Maalim Usama aliipindua mikono ile akaitazama viganjani na migongoni. "Mafuta yametoka," alisema. "Iliyobaki ni rangi, na rangi haizuii maji. Njoo."

Wakaanza kama inavyotakiwa, kwa staha, kitambaa kikimsitiri maiti, Maalim akimimina na Talib akipitisha mkono. Ulipofika wakati wa kumtia mzee udhu, Talib aliushika mkono wa kulia wa baba yake. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Aliupindua kuelekea kwenye mwanga uliokuwa ukipita katika mashuka. Katika mikunjo ya vidole, na chini ya ukucha wa dole gumba, mtu aliyeacha gari zamani, aliyetawadha mara tano kila siku tangu hapo, alikuwa na michirizi ile ile myeusi, myembamba kama maandishi.

Maji yalipita juu yake yakaenda zake. Talib aliuosha mkono ule mara tatu, kama ilivyo sunna, na mara ya tatu hakuusugua.